Asante kaka wa chumba cha siti skani

Jamani natafuta namna ya kumshukuru yule kaka wa chumba cha siti skani (CT scan, ile mashine ya kupiga picha za ndani ya mwili) hapa Mbeya, jina sikuliuliza, nilikua nimechanganyikiwa. Mdogo wangu tumemtoa Tukuyu kashika tumbo kulia chini, anaharisha damu, kakonda, na huko nyuma tulishaambiwa TB ya utumbo akameza dawa miezi miwili wala nafuu hakuna.

Kaka akamchoma ile dawa ya kung'arisha picha (mwili wote unapata joto, dogo akadhani kajikojolea hahaha) halafu akanionyesha kwenye skrini pale utumbo mdogo unapoungana na mkubwa, ukuta umevimba mnene, unang'aa. Akasema TB nayo inapenda hapohapo, picha peke yake haiamui. Ndo akauliza, huyu hatokwi na vidonda mdomoni? Nikashtuka, vinamtoka kila mara tunajua ni joto la mwili tu, kumbe na vya sehemu za siri alikua anaficha! Akasema mwambieni daktari yote hayo, msifiche kitu.

Daktari akaagiza kamera ya utumbo, ikaonyesha vidonda vya duara vina kina, na baada ya vipimo vingine wakasema Behçet, ugonjwa wa mishipa ya damu kuvimba unaoleta vidonda mdomoni, sehemu za siri na hata kwenye utumbo, wenye jina la daktari wa Uturuki aliyeuelezea 1937. Sasa hivi yuko kwenye dawa za kutuliza kinga, na ndizi anamaliza sufuria. Kaka ukiiona hii, mkungu wako upo, mama kakataa usiuzwe.