Msiiruke miaka minane ya Tina Turner

Mhariri,

Wiki iliyopita mwandishi wenu alidai kwamba Private Dancer, albamu ya mwimbaji Mmarekani Tina Turner ya mwaka 1984, haistahili kuhesabiwa miongoni mwa albamu za kumwinua mwanamke. Alitoa sababu mbili: nyimbo zake nyingi zilitungwa na wanaume, na hakuna hata mmoja unaomtaja mume aliyempiga. Makala hiyo nimeisoma mara tatu na imeniuma, kwa kuwa albamu hiyo ilinishika mkono wakati nisipokuwa na wa kunishika.

Mimi ni fundi cherehani. Nilitoka kwenye ndoa yangu alfajiri, mtoto mmoja mgongoni, mwingine nikimkokota, na cherehani nikaiacha kwa sababu sikuweza kuibeba. Kaseti niliikuta kwa dada yangu aliyenipokea. Tepu ilikuwa imekunjamana pale mwanzoni, kwa hiyo I Might Have Been Queen, wimbo unaofungua upande wa kwanza, ulianza kwa kuyumbayumba kabla sauti haijatulia. Hadi leo nikiusikia mahali ukiwa safi, masikio yangu huusubiri ule myumbo.

Kosa la kwanza la mwandishi wenu ni kuyapitisha maisha ya Tina katika sentensi moja: alimwacha mumewe Ike, akarudi akiwa nyota. Aliondoka Julai 1976 huko Dallas, katikati ya safari ya muziki, akiwa na senti 36 na kadi ya kununulia mafuta ya gari. Albamu ilitoka Mei 1984. Kati ya hapo kuna karibu miaka minane, na humo ndimo ulimo ujasiri wote ninaoufahamu mimi. Maonyesho yaliyovunjika kwa yeye kuondoka yalimwachia madeni. Kuna kipindi alikula kwa kuponi za chakula za serikali. Aliimba kwenye kumbi za hoteli mbele ya watu wanaokula, akatoa Rough mwaka 1978 na Love Explosion mwaka uliofuata, na zote mbili hazikupata wanunuzi. Mwaka huohuo wa 1978 talaka ilikamilika, akaacha karibu kila kitu ila jina. Na jina lenyewe alikuwa amepewa na huyo huyo mume! Yeye alizaliwa Anna Mae Bullock. Lakini jasho lililokuwa ndani ya jina lile lilikuwa lake, akaondoka nalo.

Mimi nililipa kwa miaka sita deni ambalo mume wangu alikopa kwa jina langu. Nilishona nguo za watu kwa cherehani ya kuazima, usiku, watoto wamelala chini ya meza ya kukatia. Hayo hayaimbiki, Mhariri. Hayana kiitikio. Ndiyo maana nasikitika mtu anapoyaruka ili afike haraka kwenye makofi.

Sasa hilo la watunzi wanaume. Let's Stay Together ni wimbo wa Al Green, na akiuimba yeye ni mwanamume anayebembeleza penzi lisivunjike. Msikilize Tina akianza taratibu, karibu bila ala, ukijua alikotoka. Maneno ni yaleyale, ila sasa anayeomba watu wakae pamoja ni mtu anayejua gharama ya kukaa. Wimbo uliobeba jina la albamu aliuandika Mark Knopfler, naye akaona maneno yake hayamfai mwanamume kuyaimba. Ni habari ya mwanamke anayecheza mbele ya wanaume kwa malipo, nyuso zao zote kwake ni sawa. Tina hamhurumii wala hamhukumu. Anauimba kwa sauti ya mtu aliyechoka lakini mwenye hesabu zake kichwani. Ubeti ule nilikuwa nasimamisha mguu kwenye pedali ili niusikie vizuri.

Hata wimbo wa What's Love Got to Do with It, wa albamu hiyohiyo, mwanzoni Tina hakuupenda. Ukashika nafasi ya kwanza Marekani kwa wiki tatu, mwenyewe akiwa na miaka 44, na mwaka 1985 ukapewa Grammy, tuzo kubwa ya muziki ya Marekani, ya rekodi ya mwaka.

Kuhusu kutomtaja mume, hapa ndipo nilipoliweka gazeti chini. Mtu aliyepigwa hadaiwi simulizi. Kila ofisi niliyoingia wakati ule niliambiwa nianze tangu mwanzo, alinipiga wapi, kwa nini, nilimjibu nini. Nilisimulia mpaka nikahisi maisha yangu yote ni kile kipigo. Kisha narudi nyumbani, nabonyeza kitufe, na hapo kuna mwanamke ambaye dunia nzima inajua alivyopigwa, naye anaimba mambo mengine kabisa: tamaa, pesa, uchovu, kutaka kutendewa vizuri. Ilinionyesha kwamba bado ninazo habari nyingine.

Naomba pia mtazame picha mliyoiweka juu ya makala ile. Mmemweka Tina pamoja na Ike. Kwenye jalada la Private Dancer yuko peke yake, amekaa kwenye kiti. Mkiandika tena kuhusu albamu hiyo, tafadhali wekeni hilo.

Msomaji wenu,
Fundi cherehani
(Jina limehifadhiwa)