Risala ya Akina Mama wa Langoni, Lamu: Twendeni kwa Miguu Kabla ya Kuchora

Mheshimiwa mgeni rasmi, wazee wa mtaa, maustadhi, walimu, mama zetu na ndugu zetu nyote, asalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Karibu Langoni. Tumekuona ukitoka gatini kwa miguu, ukapita Mkunguni mbele ya Ngome hadi hapa, nasi tumefurahi mno, maana ombi letu la leo linaanzia kwenye miguu.

Kikundi chetu ni chama cha kuweka na kukopa. Hesabu atakukabidhi mweka hazina. Mimi nimetumwa nizungumzie njia.

Mji huu uliingia katika Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2001, na vichochoro vyake ni vya watu na punda. Mwenye punda akipaza sauti "Simile!", sote twajua la kufanya: mtoto anavutwa, mwenye ndoo anajibana ukutani, mzee aliyeketi barazani anakunja miguu. Jeneza nalo hupita humo humo, mabegani, watu wakipokezana. Mama akishikwa na uchungu usiku, ni humo humo tunamtoa. Anayechora ramani akiwa mbali hawezi kuyajua haya.

Miaka michache iliyopita mtaro wa nyuma yetu ulifunikwa kwa vibamba vya zege. Twashukuru, lakini vibamba vilipanda juu kuliko vizingiti vya milango. Mvua ya kwanza, maji yakaingia majumbani, na bibi mmoja anayetembelea mkongojo hakuivuka njia ile tena. Tulipouliza, tuliambiwa mkutano wa wananchi ulifanyika. Kweli ulifanyika. Tangazo lilibandikwa kwenye mlango wa ofisi, kwa Kiingereza, na mkutano ukawekwa saa nne asubuhi, wakati sisi tuko jikoni, wavuvi wako baharini na mahamali wako gatini. Yeyote wa mtaa huu angewaambia maji yanashukia wapi.

Mheshimiwa, hatuombi hisani. Ibara ya 10 ya Katiba ya 2010 inautaja ushiriki wa wananchi miongoni mwa maadili ya taifa, na Ibara ya 184 inataka wakazi washirikishwe katika uendeshaji wa miji yao. Uzito wake tumeuona hapa hapa Lamu: Juni 2019 Baraza la Kitaifa la Mazingira, linaloamua mashauri ya mazingira, lilifuta leseni ya mtambo wa makaa ya mawe uliokusudiwa kujengwa Kwasasi, na sababu mojawapo ni kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo.

Sasa kuna pikipiki. Kikundini hatukubaliani juu yake, na sitaficha. Wako wenye vijana wanaopata riziki kwa boda boda, na wako wanaowatoa watoto chuoni roho mkononi. Tunachokubaliana ni kwamba zipite wapi, zikome wapi na saa ngapi, hilo lisiamuliwe kabla waendeshaji, wenye punda, walimu wa madrasa na sisi hatujakaa mkeka mmoja.

Kwa hiyo twaomba mhandisi, kabla hajachora njia zetu, aje atembee nasi mara mbili: asubuhi watoto wanapotoka, na baada ya Magharibi kiza kikiingia. Mchoro uletwe ukiwa bado wa penseli, ubandikwe Mkunguni kwa Kiswahili, na utangazwe misikitini. Mkutano uwe baada ya Alasiri, na akina mama tupewe kikao chetu, kwani wengi wetu hatufungui kinywa mbele ya wanaume tusiowajua. Kisha tujibiwe: lipi limekubaliwa, lipi limekataliwa, na kwa nini. Hili la majibu ndilo linalotuuma zaidi. Mtu akisema mara tatu asijibiwe, mara ya nne habanduki kwake.

Sisi tumekwisha kuanza. Mabinti zetu wa sekondari wamezunguka kutoka hapa hadi Mkomani, wakaandika kila ngazi iliyovunjika, kila mtaro ulio wazi na kila kona isiyo na taa. Daftari hilo twakukabidhi leo pamoja na kofia uliyoshonewa na akina mama.

Baada ya chakula, twakuomba utoke nasi hadi mtaro wa nyuma. Ni hatua chache, na yule bibi yuko barazani kwake anakungoja.

Ahsante.

Katibu, kwa niaba ya akina mama wa Langoni