Nirudishieni pesa zangu za leso

Kwa Meneja wa Tawi,
Kampuni ya Malipo ya Mtandaoni,
Mombasa.

Bwana Meneja,

MINTARAFU: SH. 83,400 ZANGU NA NILIVYOTENDEWA MLANGONI PENU

Salamu. Naandika kwa adabu niliyofunzwa nyumbani. Mkiona mahali imepungua, jueni nyingi niliimaliza kwenye kaunta yenu Jumanne.

Masharti yenu ya kutoa pesa mwayajua, sina haja ya kuwasomea. Ombi langu la kutoa pesa lina siku 19, na programu yenu ingali inaandika "linashughulikiwa", neno lile lile tangu redio itangaze kwamba waasisi wenu wamekamatwa ng'ambo. Kesi yao ni yao, mahakama itawaamulia. Mimi zangu ni pesa za leso: jozi arubaini zilizokwenda Muscat na Birmingham, wanunuzi wakalipa kupitia kwenu, na ada yenu mkaikata papo hapo. Hiyo haikungoja kushughulikiwa.

Jumanne nilivuka feri alfajiri, nikafika kwenu hata hamjafungua. Zamu yangu ilipowadia, kijana wa kaunta, ambaye mwanangu wa pili ni mkubwa kwake, aliitazama taarifa ya akaunti niliyoichapisha, akacheka, akasema kwa sauti ya kusikiwa na foleni nzima: "Mama, wenye kampuni wenyewe wako ndani, wewe na vielfu vyako themanini wamdai nani?" Watu wakacheka. Askari akanishika kiwiko, akanitoa nje.

Wiki moja kabla ya hapo nilikuwa nimepiga simu. Dakika arubaini za muziki, kwa salio langu, kisha binti mmoja akaniambia nistahamili kwa sababu jambo kama hili halijapata kutokea. Halijapata? Januari 2007 waasisi wawili wa NETeller, kampuni ya malipo ya mtandaoni kama yenu, Stephen Lawrence na John Lefebvre, walikamatwa Marekani kwa mambo ya pesa za kamari ya mtandaoni, na wateja wa huko wakafungiwa pesa zao mpaka mwisho wa Julai. Juni 2020 kampuni ya malipo ya Wirecard ya Ujerumani iliporomoka, euro bilioni 1.9 hazijulikani ziliko, mkuu wake Markus Braun akatiwa mbaroni, na Uingereza kadi za watu zikazimwa. Zilizimwa siku chache tu, Bwana Meneja, zikawashwa. Muuza leso ayajua haya, nanyi ambao ndiyo kazi yenu hamyajui?

Tena hapa kwetu kuna Sheria ya Mfumo wa Malipo ya Taifa ya 2011 na kanuni zake za 2014. Pesa za mteja zinatakiwa zikae benki chini ya amana, mbali na pesa za kampuni. Basi zangu kama ziko huko, kukamatwa kwa tajiri wenu kunanihusu nini? Na kama haziko, niambieni kwa maandishi, msinichezeshe na "linashughulikiwa".

Narudi pale mlangoni, kwa maana juu sikusema yote. Nilikuwa sijageuka vizuri askari aliposukuma mlango wa kioo, ukaubana upindo wa buibui langu. Nikasimama hapo, mimi nje, nguo yangu ndani, karatasi mkononi, jua linanipiga usoni. Nikagonga. Yule kijana aliniona. Aliniona, kwa sababu alinyoosha kidevu kumwonyesha mwenzake, wakacheka tena. Askari akaufungua mlango kidogo tu, akaisukuma nguo nje kwa ncha ya kiatu. Kwa kiatu! Vile mtu anavyosukuma tambara la kufutia sakafu. Ndipo nikasikia, mara ya pili, "vielfu themanini". Miaka sita nimewaletea biashara, na nusu ya wanawake wa mtaa wangu walijiunga nanyi kwa neno langu. Leo waniuliza mimi, si nyinyi, pesa zao ziko wapi.

Nilipoanza kuandika nilitaka salio langu tu. Sasa nataka salio langu lote, ndani ya siku saba. Nataka na hasara ya mzigo wa pili nilioshindwa kuununua. Nataka barua ya kuomba radhi yenye sahihi yako wewe, si ya kijana. Na picha za kamera ya mlangoni za Jumanne hiyo msizifute, nitazihitaji.

Siku ya nane nitakwenda Benki Kuu, tawi la Barabara ya Nkrumah, na nakala ya barua hii. Kutoka hapo naingia Mahakama ya Madai Madogo: inapokea madai yasiyozidi shilingi milioni moja, haihitaji wakili, na sheria inataka iamue ndani ya siku 60. Nilikusudia kwenda peke yangu. Tangu jana tumekuwa wanawake kumi na mmoja, na kila mmoja ana taarifa yake ya akaunti mkononi.

Wenu mteja,
Muuza leso, Likoni
(jina na nambari ya akaunti mnavyo, hivyo havijapotea)

Tena: buibui limechanika upindo. Fundi amesema shilingi 350. Ziongezeni kwenye hesabu.