Hadithi za mauaji ya matajiri ni zetu pia sisi wa jikoni

Mhariri,

Kuna msomaji aliyeandika katika ukurasa huu kwamba riwaya za upelelezi zinazohusu matajiri ni za kupoteza muda, kwamba mtu anayeshindia sukuma wiki hana haja ya kujua ni nani aliyemtilia bwanyenye sumu, na kwamba vijana wanaozisoma wanafunzwa kutamani mali. Naomba nafasi nimjibu. Nimezisoma hadithi hizo miaka mingi, na maisha yangu ya kazi nimeyamaliza nikiwa mpishi katika majumba ya aina hiyo hiyo, kwenye mitaa ya matajiri ya Nairobi: Loresho, Muthaiga, na mwishowe Runda. Sikuzipenda kwa sababu ya kutamani mali. Mali ya watu nimeipangusa vumbi kila asubuhi, naijua.

Nilianza na vitabu vya mitumba vinavyotandazwa chini kandokando ya barabara katikati ya jiji, na aliyenikamata ni Agatha Christie, mwandishi Mwingereza wa riwaya za upelelezi. Kitabu chake cha kwanza kilitoka mwaka wa 1920. Alikuwa amefanya kazi katika chumba cha dawa cha hospitali huko Torquay wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza, ndiyo maana sumu anazijua kama muuza viungo anavyojua bizari. Katika kitabu hicho mama mmoja tajiri anakufa, na mabishano makubwa ni kama sumu ilipitia kwenye kahawa au kwenye kakao. Nani alimimina? Nani alipandisha sinia juu? Liliachwa wapi, na kwa muda gani? Huenda msomaji mwingine akapita hapo haraka ili amfikie mpelelezi. Mimi nilisimama hapo hapo, kwa maana hayo ndiyo mambo ambayo mpishi huyajua bila kuyatafuta.

Bosi akisema alilala mapema, mimi nakuta kikombe chake kwenye sinki asubuhi, mashapo ya kahawa hayajakauka. Karamu ikiwa ya watu wanane na glasi za mvinyo ninazoosha ni tisa, basi kuna mtu aliyeingilia mlango wa bustani. Sahani iliyorudi jikoni bila kuguswa inasema mengi kuliko mwenye sahani. Ukiingia mezani na bakuli la supu, mazungumzo hukatika, mtu mmoja husifu mvua, mwingine hunyoosha kitambaa chake. Ukitoka, mlango haujajifunga vizuri, sauti zinarudi chini chini. Nimefanya kazi ndani ya ule ukimya wa kungojea mpishi atoke, na sijaona waandishi waliouelewa kama hawa wa riwaya za upelelezi.

Mwenzangu anauliza kwa nini lazima iwe kwa matajiri. Ni kwa sababu ya kuta. Ninapoishi, Kangemi, vyumba vya ploti vimegawanywa kwa mabati na mfereji ni mmoja. Jirani akigombana na mkewe usiku, kabla hajamaliza kufoka ploti nzima imeshajua chanzo ni nini. Siri haina pa kukaa. Kule Muthaiga kuna uwanja wa nyasi, ua wa miti, waya wa stima juu yake, lango la rimoti na masoja wawili, na ndani kila mtu ana chumba chake na ufunguo wake. Mume na mke wanaweza kukaa wiki nzima bila kusemezana, na wageni wa Jumapili wakaondoka wakiwasifu. Pesa hununua nafasi ya kuficha mambo, na mwandishi wa upelelezi anahitaji nafasi hiyo ili apate cha kufichua.

Tena kuna urithi. Fungua kurasa za matangazo ya vifo katika magazeti yetu: utakuta marehemu mmoja, picha ile ile, lakini matangazo mawili, kila tangazo na mjane wake na watoto wake. Sheria yetu ya Urithi, Sura ya 160, humhesabu mke aliyeolewa kimila kuwa mke kwa mambo ya mirathi, hata kama mume alikuwa tayari ana ndoa ya cheti na mwingine. Kwa hiyo siku ya mazishi huja watu ambao upande mmoja wa familia haujawahi kuwaona, wamevaa nyeusi, wameshika vyeti vya kuzaliwa vya watoto. Mwandishi wa Kenya hana haja ya kuazima wosia wa Uingereza.

Ila kinachonivuta kuliko vyote ni maswali. Mpelelezi akifika kwenye jumba, mwenye kampuni anaulizwa swali lile lile analoulizwa mtunza bustani: ulikuwa wapi saa nne usiku, na nani alikuona? Mara nyingi mtunza bustani ana jibu na mwenye kampuni hana. Katika maisha yetu hali haiko hivyo. Nyumba moja niliyofanyia kazi ilipotea pete. Tulipekuliwa yaya, mtunza bustani na mimi; mifuko ikamwagwa kwenye veranda, magodoro yakapinduliwa, yaya akavuliwa kilemba mbele ya watoto aliowalea. Hakuna aliyemuuliza lolote kijana mkubwa wa nyumba ile, ambaye wadai wake walikuwa wakimfuata mpaka langoni. Pete haikuonekana. Yaya alifutwa kazi siku hiyo hiyo, bila mshahara wa mwezi. Katika riwaya nzuri ya upelelezi, upekuzi kama huo hauwezi kuwa mwisho wa kesi. Mpelelezi angepanda ngazi na kugonga chumba cha kijana.

Namwomba mwenzangu asome riwaya moja ya Christie ya mwaka wa 1953, A Pocket Full of Rye, ile ambayo tajiri anafariki kwa sumu na muda mfupi baadaye kijakazi wake anakutwa amenyongwa karibu na kamba ya nguo, puani amebanwa kibanio cha kuanikia nguo. Polisi wanashughulika na tajiri. Miss Marple, mpelelezi wa Christie, bibi mzee asiyeolewa, anasafiri kuja kwa ajili ya kijakazi. Yeye ndiye aliyemfunza kazi msichana huyo, na kile kibanio kimemkasirisha kwa sababu ni dharau iliyotendewa maiti ya mtu asiye na wa kumtetea. Niliposoma hapo nilifunga kitabu nikakaa kwa muda. Wasichana wangapi wa kazi wamefia katika nyumba za jiji hili, na ni nani aliyepanda gari kuja kuuliza kwa hasira?

Sisemi Christie hana dosari. Watumishi wengi katika vitabu vyake ni wajinga na waoga, na watu wa nchi nyingine yeye mwenyewe huwadharau kwa namna inayoudhi. Hata hivyo aliiona dharau ya tabaka lake mwenyewe: kuna kisa ambacho muuaji anajifanya mtumishi na kupita katikati ya wageni, kwa sababu hakuna anayemtazama mtumishi usoni. Sitakitaja, nisimharibie mtu utamu.

Na mambo haya hayako Uingereza tu. Tarehe 24 Januari 1941, Lord Erroll, mmoja wa Wazungu wakubwa wa Kenya ya ukoloni, alipigwa risasi ndani ya gari lake karibu na Karen. Usiku huo alikuwa amekula chakula Muthaiga Club pamoja na mwanamke aliyempenda na mume wa mwanamke huyo, Sir Jock Delves Broughton. Broughton alishtakiwa hapa Nairobi mbele ya jopo la Wazungu wenzake, akaachiliwa mwezi wa Julai, na mpaka leo hakuna aliyewahi kutiwa hatiani. Vitabu vimeandikwa, filamu ikatengenezwa. Lakini walioikuta gari ile gizani ni wafanyakazi Waafrika wa lori la maziwa. Ningependa kusoma hadithi inayoanza nao, ile saa ya kuamua kama wasimame au wapite, wakijua vizuri atakayeulizwa kwanza ni nani.

Waswahili tulishaonyeshwa njia. Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar alituletea mpelelezi Bwana Msa na kiko chake, na riwaya yake ya kwanza, iliyochapishwa 1960, inahusu kifo cha mtu mwenye mashamba. Humo watu wa kawaida wanaongea Kiswahili chao safi, nao wanasikilizwa. Nawasihi waandishi wa Nairobi waishike njia hiyo. Tupeni mauaji ya Runda, tupeni chakula cha mchana cha Jumapili chenye mbunge, askofu na mkandarasi wa barabara kwenye meza moja. Lakini msimfanye soja kuwa kichekesho cha lafudhi kama wanavyofanya kwenye televisheni. Soja anajua nambari za magari yote yaliyoingia. Mpeni kitabu chake cha wageni mkononi, mpeni jina na ukoo, kisha mwacheni ajibu.

Nawe Mhariri, ukitenga nafasi ya hadithi ya mfululizo ya namna hiyo kila Jumamosi, sitakosa toleo. Wapishi, mayaya na wafuaji tunaopanda matatu alfajiri kutoka Kangemi husomeana gazeti moja kwa zamu, na najua mabishano yataanzia stejini. Mwandishi atakayeijaribu akitaka kujua chakula hupandishwa vipi, nani hushika funguo za stoo na mlango wa nyuma hufungwa saa ngapi, nitamweleza yote bila malipo.

Mpishi mstaafu,
Kangemi, Nairobi
(Jina limehifadhiwa)