Dereva mpya wa lori asikimbilie kuendesha wawili

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme na vijana waliopata leseni ya lori juzijuzi, ambao sasa mwajiri anawauliza: utaendesha peke yako, au utaingia lori la madereva wawili? Wengi huchagua wawili. Wanadhani wakikwama, mwenzao atakuwa kiti cha pembeni akiwaelekeza. Hapo ndipo wanapopotea.

Lori la wawili limewekwa ili gurudumu lisisimame. Mmoja akishika usukani, mwingine yuko kitandani nyuma ya pazia, na anatakiwa awe amelala fofofo, maana baada ya saa chache zamu ni yake. Anayekaa pembeni macho makavu akikusahihisha ni mkufunzi, na kazi ya mkufunzi ni nyingine kabisa. Kwa hiyo dereva mpya kwenye lori la wawili anaendesha peke yake vilevile. Tofauti ni kwamba ratiba haimruhusu kuegesha kila usingizi unapomjia, na mgongoni pake kuna mtu aliyemkabidhi roho yake.

Pesa nazo huwadanganya wengi. Chukua sheria ya Marekani, ambako mtindo huu umeenea. Dereva wa mizigo anaruhusiwa kuendesha saa 11, ndani ya saa 14 tangu aanze kazi, kisha apumzike saa 10. Katika kampuni inayofanya kazi siku zote za wiki, saa zake za kazi zikifika 70 ndani ya siku 8, haruhusiwi kuendesha tena. Gawanya 70 kwa 8 upate saa 8 na dakika 45 kwa siku, na humo humo mna ukaguzi na upakiaji, si usukani peke yake. Kipimo hicho kinambana dereva mwenye mwenzake sawasawa na asiye na mwenzake. Lori la wawili likitembea kilomita 8,000 kwa wiki, kila mmoja kaendesha 4,000, na anayeendesha peke yake akipata mizigo isiyokatika anaweza kufika hapo hapo.

Basi kabla hujatia saini, uliza kama malipo ya kilomita ni ya lori au ya dereva. Tuseme lori la wawili linalipwa 10 kwa kilomita, na dereva wa peke yake analipwa 6. Mkigawana nusu kwa nusu unabaki na 5: umepungukiwa moja, na usingizi wa kutulia umeupoteza pia. Faida ya kweli huja pale kiwango cha wawili kinapokuwa kikubwa vya kutosha, au pale mizigo ya haraka inapopewa wao tu ilhali wengine wanasota kusubiri. Uliza pia unalipwa nini mwenzio akiugua katikati ya safari. Wengi hulikumbuka swali hilo siku lori limeshaegeshwa.

Na sheria za mapumziko hazifanani kila mahali. Marekani, kulala kitandani huku lori linatembea kunahesabiwa kuwa mapumziko. Katika Umoja wa Ulaya, madereva wawili hupewa saa 30 tangu mapumziko yao yaliyopita yaishe, na ndani ya saa hizo kila mmoja lazima apumzike saa 9 lori likiwa limesimama. Kinachoweza kuchukuliwa huku mwenzio anaendesha ni zile dakika 45 zinazodaiwa baada ya saa 4 na nusu za usukani, mradi usiwe unamsaidia kazi. Kazi ya Ulaya na ya Marekani zinaitwa jina moja, lakini mwili hauchoki namna moja.

Ushauri wangu ni kwamba ukimaliza mafunzo chini ya mkufunzi, uanze peke yako, mchana kwa kadiri inavyowezekana, kwa miezi sita mpaka mwaka. Sababu kubwa ni rivasi, yaani kurudisha lori nyuma. Lori la wawili hukata masafa marefu barabara kuu, halishushi mara nyingi, na hata linapofika ghalani mwenye uzoefu ndiye hushika usukani ili mambo yaende upesi. Unaweza kumaliza mwaka una kilomita nyingi kwenye daftari na bado hujui kuingiza trela mlangoni. Ukiwa peke yako hakuna wa kukupokea. Unajifunza, unaporudi nyuma, kushika usukani sehemu yake ya chini, ukijua kwamba mkono unapoelekea ndiko mkia wa trela utakakoelekea. Unajifunza kuzungusha kidogo na mapema, kwa sababu kichwa na trela vikishakunjana sana usukani hauokoi kitu: vuta mbele, nyoosha, anza upya. Unazoea kuingilia upande wa dereva, ambako unaliona trela lote, kuliko upande wa pili ambako kioo kinakuonyesha ubavu tu. Na unajifunza kushuka ukaangalie. Mara tatu kama ni lazima, acha wakucheke.

Kupanga muda nako hujifunzwa hivyo hivyo. Wa peke yake hana budi kujua ataegesha wapi saa mbili kabla ya saa zake kuisha.

Usingizi ndio unaowashinda wengi. Mwili huwa mzito kuliko wakati wowote kati ya saa 8 usiku na saa 12 alfajiri, na huzubaa tena kidogo mchana. Madereva wengi wa zamu hukata siku saa 6 mchana na saa 6 usiku, kwa hiyo mmoja hubeba masaa yote mabaya. Asiwe mgeni wa kazi. Na anayeamka asirukie usukani papo hapo, kwa sababu akili huchukua dakika 15 hadi 30 kuamka baada ya macho kufunguka. Ashuke, anawe uso, alizunguke lori. Kitanda cha kulalia safarini ni cha chini, mkanda au wavu wake ukiwa umefungwa, maana breki ya ghafla humrusha mtu hadi kwenye dashibodi. Kabla ya kusaini mkataba mrefu, omba safari moja ya siku tatu. Kama umelala saa mbili mbili tu, kazi hii haikufai kwa sasa, na si uzembe.

Kuna kosa moja la hatari ambalo huzaliwa na wema. Dereva anafika mteremko, anaona breki ya injini, ile inayotumia injini yenyewe kupunguza mwendo, itanguruma na kumwamsha mwenzake, anaizima na kukanyaga breki za kawaida njia nzima. Madramu yanapata moto, yanatanuka na kuviachia nafasi viatu vya breki vinavyoyabana kwa ndani, pedali inakanyagwa na lori halishiki. Harufu ya kuungua ikifika puani umeshachelewa. Punguza gia kabla ya kuanza kushuka, acha injini ingurume, na breki zikanyagwe kwa vipindi: mwendo ukifika kikomo ulichojiwekea, kanyaga kwa nguvu ya kutosha mpaka upungue kama kilomita 8 kwa saa, achia, rudia. Kumlaza mwenzio vizuri hutegemea zaidi nafasi unayoacha mbele. Kwa mwendo wa kilomita 90, sekunde 6 ni mita 150, na mwenye mita hizo hana haja ya kushtua breki.

Makabidhiano ya zamu nayo yana shimo lake. Kila mmoja anaamini mwenzake kakagua, hivyo hakuna aliyekagua. Anayepokea usukani ndiye ashuke na tochi: matairi, taa, mipira ya upepo, mikanda ya mzigo, na ile sahani inayoshika pini ya trela. Amulike ndani aone taya zimeifunga pini, na kati ya sahani na trela pasionekane mwanga. Sheria ya Marekani inataka ufungaji wa mzigo ukaguliwe ndani ya maili 50 za mwanzo, yaani kama kilomita 80, kisha kila dereva anapobadilisha hali ya kazi, au baada ya saa 3, au maili 150, lolote litakalotangulia. Hata pasipo na sheria hiyo, kuifuata hakugharimu kitu.

Mwaka ukipita na bado unataka lori la wawili, chagua mtu kabla ya kuchagua lori. Kubalianeni mapema kuhusu sigara, redio, joto la kabini, na hili kubwa: yeyote akisema ana usingizi, lori linaegeshwa bila mjadala, hata kama mzigo umechelewa. Na mnaposimama usiku, anayeshuka kwenda msalani aache kiatu kimoja juu ya usukani. Mwenzake akiamka na kutaka kuondoka, atakiona kabla hajawasha injini, wala hatamwacha mtu kituoni akidhani bado yuko nyuma ya pazia.

Mkufunzi wa madereva wa malori