Barua ya wazi kwa mpwa wangu asiyeamini mtu

Mpwa wangu,

Shikamoo yako imefika, marahaba. Unaniandikia kwamba siku hizi hudanganyiki tena: huamini serikali, madaktari, magazeti wala walimu, na kwamba huko ndiko kufikiri kwa kina. Nafurahi kuona unauliza maswali. Ila katika orodha hiyo ndefu ya usiowaamini, wewe mwenyewe hujajiweka.

Kumshuku mwingine hakuhitaji akili nyingi. Mwanafunzi mvivu kuliko wote darasani anaweza kumkatalia mwalimu kila neno. Kazi iko kwenye kulishuku wazo unalolipenda, lile unaloliitikia kabla msemaji hajamaliza sentensi.

Mwaka 1960 mwanasaikolojia wa Uingereza, Peter Wason, alichapisha jaribio ambalo ningependa lifundishwe kila shule. Aliwapa watu namba tatu: 2, 4, 6. Akawaambia zinafuata kanuni fulani, na ili kuigundua wamtajie namba nyingine tatutatu, naye atajibu kama zinaifuata au la. Wengi waliona kazi imekwisha: si zinaongezeka kwa mbili? Mtu anataja 8, 10, 12. Ndiyo. Anataja 20, 22, 24. Ndiyo. Anatangaza jibu kwa kujiamini, anaambiwa amekosea. Kanuni ilikuwa nyepesi mno: kila namba iwe kubwa kuliko iliyoitangulia, basi. Aliyethubutu kutaja 1, 7, 50 akitarajia kukataliwa angeshtuka kusikia "ndiyo", na mshtuko huo mmoja ungemfunza kuliko "ndiyo" kumi za kumpendeza.

Sasa tuje kwenye chanjo ya surua, matumbwitumbwi na rubela, ambayo unasema utafiti wa 1998 "ulithibitisha" kuwa inaleta usonji (autism), hali ya ukuaji inayoathiri mawasiliano na mahusiano ya mtoto. Uliusoma? Makala ile ya Andrew Wakefield na wenzake katika jarida la kitabibu la The Lancet ilihusu watoto 12, bila kundi la watoto wengine wa kulinganisha nao. Na humo humo waandishi walisema hawajathibitisha uhusiano huo! Watoto wengi huchanjwa katika umri uleule ambao dalili za usonji huanza kuonekana, kwa hiyo mzazi kuona kimoja kikifuata kingine si ajabu. Mwaka 2010 jarida liliifuta makala hiyo, na Wakefield akaondolewa kwenye rejesta ya madaktari wa Uingereza. Mwaka 2019 watafiti wa Denmark walitoa matokeo ya kuwafuatilia watoto 657,461: waliochanjwa hawakupata usonji zaidi ya wasiochanjwa. Hiyo ndiyo 1, 7, 50 yako. Uliitafuta, au ulitafuta tu video nyingine inayokubaliana na ile ya kwanza?

Najua utakalonijibu, maana ubishi huo umeurithi kwetu: kama jarida kubwa hivyo lilikosea, kwa nini tuendelee kuliamini? Swali halali kabisa. Wala mimi siwezi kupima kila dawa na kila takwimu kwa mikono yangu, maisha hayatoshi. Lazima niwaamini watu fulani, kwa hiyo huwa naangalia wanavyofanya wakikosea. The Lancet ilichukua miaka 12 kuiondoa makala ile, na kwa maoni yangu huo ulikuwa uzembe mkubwa. Lakini iliiondoa hadharani, na waliosaidia kufichua kasoro zake walikuwa mwandishi wa habari na madaktari, watu wa makundi yaleyale usiyotaka kuyasikia.

Hao unaowafuata wewe, ni lini walisimama wakasema tulichowaambia wiki iliyopita hakikuwa kweli? Nitajie hata mara moja, nami nitakaa niwasikilize.

Mjomba wako