Sindano ya tetanasi haiui wadudu kwenye kidonda

Mhariri, salamu. Naomba nafasi niongee na mafundi, wakulima na vijana wa bodaboda, maana hawa ndo wanaoumia kila siku.

Ukikanyaga msumari kila mtu anakwambia kimbia ukachome tetanasi, ushauri mzuri, ila wengi tunadhani ile sindano inaenda kuua wadudu kwenye kidonda. Haiui chochote pale. Wadudu wa pepopunda, ndo hiyo tetanasi, wanakaa kwenye udongo na mavi ya wanyama, wakiingia kwenye kidonda kirefu kisichopata hewa wanatoa sumu inayopanda kwenye mishipa ya fahamu, taya linakaza, mwili unapinda. Chanjo ni sumu hiyohiyo iliyopoozwa kwa kemikali iitwayo fomalini, mwili unaiona unatengeneza kingamwili, yaani askari wa kuikamata.

Sasa kama hujawahi kuchanjwa kabisa, dozi ya kwanza mwili unachukua wiki kadhaa na kinga yenyewe haba, pepopunda haitakusubiri. Huyo anatakiwa achomwe na kingamwili zilizotengenezwa tayari, na hizo hazipo kila zahanati. Lakini aliyemaliza dozi 3, yaani ya pili baada ya wiki 4 na ya tatu miezi 6 mbele, ana seli za damu zinazokumbuka miaka na miaka, akipigwa busta, yaani dozi ya kukumbushia, zinaamka ndani ya siku chache tu na kingamwili zinazotoka ni nyingi na zinakamata vizuri kuliko za mwanzo. Ndo maana busta inaokoa mtu!

Kuna wanaochoma kila wakikwaruzwa, nao wapunguze, kama ulimaliza dozi na hata miaka 5 haijapita tangu ya mwisho huhitaji, utavimba mkono bure kwa sababu kingamwili bado zimejaa. Na aliyeugua akapona asijidai ana kinga, sumu inayotosha kuua mtu ni kidogo mno mwili hauwahi hata kuijua, naye achanjwe.

Wanawake wanapata chanjo hii kliniki wakiwa wajawazito, kinga inapita mpaka kwa mtoto tumboni, na Tanzania ilitangazwa 2012 kuwa imetokomeza pepopunda ya uzazi. Sisi wanaume nani anatuita? Wakaguzi wanaokuja saiti kuuliza helmeti na buti waulize na kadi ya chanjo basi.

Msomaji wenu, Morogoro